Jina la Pili kwenye Orodha

...na kama huyu bwana hatoki msalani ndani ya dakika tano basi Klachi atakwenda kumgongea mlango mwenyewe, lakini hapana, mgombea haruhusiwi kuvuka kamba, imeandikwa pale ukutani kwa kalamu nene, WAGOMBEA WAKAE NYUMA YA KAMBA, na kamba yenyewe ni ya kuanikia nguo, vibanio viwili bado vinaning'inia, mgombea, neno lenyewe linamkaa kama koti la kuazima, mabega yamepwaya na mikono imeishia kwenye viwiko, maana miaka kumi na minane yeye ni mwalimu wa udereva, nusu ya madereva wa mkoa huu wamejifunza kurudi nyuma sauti yake ikiwa sikioni mwao, "achia klachi taratibu, taratibu, nimesema taratibu wewe!", jina likamganda, hata mama mkwe anamwita Klachi, na kabla ya hapo alikuwa dereva wa lori, amevuka mipaka tisa na kufukuzwa kwenye mitatu, amelala chini ya matairi katika miji ambayo majina yake hakuweza kuyatamka, lakini kugombea, kugombea hajawahi kugombea hata ukiranja wa darasa, na leo, saa nne asubuhi, siku moja baada ya kura, amekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tano, magoti yanatafuta kidevu, anasubiri kuambiwa kama ni mbunge au si mbunge... mbunge, Mungu wangu... na pale mbele, juu ya meza ya mwalimu, bahasha ya kahawia imelala, ya mwisho, ya kituo cha machimbo ya mawe, na msimamizi wa uchaguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, ameiwekea viganja vyote viwili juu kama kuku aliyeatamia, haifungui, hawezi kuifungua, sheria inataka maofisa wawili wawe mezani lakiri inapovunjwa, na ofisa wa pili alisimama, akashika tumbo, akasema, "Samahani ndugu zangu, nakuja sasa hivi," na tangu hapo watu sitini, mawakala wa vyama, waandishi wa habari wawili na askari mmoja anayelala macho wazi, wote wanalisubiri tumbo la mtu mmoja, na Klachi moyoni anamwombea, kaa huko ndugu yangu, usiwe na haraka, tumbo si kitu cha kuchezea, kwa sababu bahasha ile isipofunguliwa hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeahidi kitu, na ikifunguliwa basi iwe tumeshindwa, tushindwe vizuri, kwa heshima, twende zetu nyumbani tukanywe chai...

"Ameingia na gazeti?" shemeji yake ananong'ona pembeni, dada wa mkewe, mkunga wa hospitali ya mkoa, amekaa dawati hilohilo na kwa sababu ni mwembamba dawati linamtosha kama alishonewa, "maana akiingia na gazeti sisi tumekwisha."

"Ameingia na tumbo tu," Klachi anajibu, na mkunga anacheka kidogo puani, anarudi kwenye daftari lake, maana ana daftari, siku zote ana daftari, lile la jalada gumu, na ubao uko palepale mbele yao na namba zake za chaki, mtu yeyote anayejua kugawanya anaweza kuona balaa lililopo, mkoa una viti vinne bungeni na mkoa mzima ni jimbo moja, humpigii mtu kura, unaipigia orodha, kila chama kimeleta majina manne kwa mpangilio na mpigakura anaweka alama yake kwenye Kengele au Mwavuli au Ngazi, ukiweka kwenye Mwavuli umetubeba wote wanne upende usipende, kama fungu la nyanya sokoni, nzuri zimepangwa juu na ile iliyobonyea imefichwa chini, na nyanya iliyobonyea alitakiwa awe yeye, halafu jumla ya kila orodha inagawanywa, kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, na namba nne kubwa kuliko zote ubaoni ndizo zinazobeba viti, Ngazi masikini ina elfu tisa na haigawanyiki kwa lolote la maana, viti vitatu vimeshapata wenyewe, viwili vya Kengele, kimoja cha Mwavuli, hicho cha wakili aliye namba moja kwetu, yuko pale dirishani anajifanya hajali huku tai imehamia begani, sasa kiti cha nne... Kengele ikigawanywa kwa tatu inabaki na elfu kumi na tatu mia mbili sabini na mbili, Mwavuli ukigawanywa kwa mbili unabaki na elfu kumi na tatu mia mbili arobaini na tisa, tofauti ishirini na tatu, watu ishirini na tatu hawajazi hata basi dogo, na bahasha ya machimbo ina kura mia mbili kumi na nne, zinaweza kuifuta tofauti hiyo kama mtu anavyofuta chaki kwa kiwiko, na zikiifuta, kiti kinakwenda kwa jina la pili la Mwavuli, na jina la pili la Mwavuli... lilitakiwa liwe la mkunga, kila mtu anajua, chama kizima kinajua, mama huyu amekitumikia chama miaka kumi na tisa, amezalisha nusu ya wapigakura na nusu nyingine amezalisha wake zao, orodha ilikuwa wakili, mkunga, mzee wa posta mstaafu, na chini kabisa mtu wa kujazia, maana sheria inataka majina manne na saa nane mchana wa siku ya mwisho yalikuwa matatu, "Klachi, wewe unafahamika, weka jina tu, hutashinda, tunakuapia," wakili akamwambia, na yeye akakubali kwa sababu katika maisha yake ni mara chache watu wamemwapia jambo kwa uhakika namna ile... akawaendesha yeye mwenyewe, kwa gari la shule lenye breki mbili na kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, akampeleka wakili kwanza, mkunga alikuwa bado leba, mtoto alikuja miguu mbele, huwezi kumwambia mtoto ofisi inafungwa saa kumi, na mzee wa posta alikuwa anatafuta meno yake, basi wakaingia wawili, karani akachukua fomu ya wakili, akagonga muhuri, ule muhuri wa namba unaojizungusha wenyewe kila ukibonyezwa, ta, moja, halafu akaiona ile fomu nyingine mkononi mwa Klachi, "Hiyo nayo lete usinipotezee muda," ta, mbili, na Klachi akatoka anapiga mluzi kwenda kuwafuata wengine wawili, mluzi! jamani, angejua asingepiga hata chafya, mkunga akafika na damu ya watu kwenye mkono wa koti lake, ta, tatu, mzee wa posta, meno yamo mfukoni, ta, nne, ndipo wakili akaona, akageuka rangi, akamwambia karani warekebishe, na karani, kijana safi wa shati lililonyooshwa, akasema kwa upole wa mtu anayesoma hukumu, "Namba ya muhuri ndiyo namba ya orodha, mheshimiwa, mashine hairudi nyuma," na haikurudi, waliandika barua, walipiga simu makao makuu, haikurudi, Klachi anafundisha kurudi nyuma siku sita kwa wiki na hajawahi kukutana na kifaa kikaidi kama kile...

Na pale uani mwa ofisi, mbele ya wakili, mkunga aliitazama fomu, akacheka kwanza, halafu hakucheka, halafu akasema, "Basi, ndiyo sheria," na Klachi kwa domo lake, domo ambalo mkewe anasema lingekuwa gari lingenyang'anywa leseni, akasema, "Shemeji, sikiliza, kiti kikija mimi najiondoa siku hiyohiyo, kabla hakijapoa, aliye chini yangu ni wewe, unapanda, unakaa," na mkunga akasema, "Nitakushika maneno," wakapeana mikono, rahisi namna hiyo, rahisi kwa sababu Mwavuli katika mkoa huu haujawahi kupata viti viwili tangu mvua ianze kunyesha, ni sawa na kumwahidi mtu kwamba ukiota mabawa utamrushia mkate... sasa mabawa yanawasha mgongoni. Simu inatetema pajani, mkewe, "Bado?", anaandika, "Bado. Ofisa yuko msalani," jibu linarudi mbio, "Nyinyi ndio mnataka kuongoza nchi," huyo ndiye mke, ndiye aliyesema jana akitoka kupiga kura, "Nimeweka Mwavuli, dada yangu yumo na mume wangu yumo, mengine mtamalizana wenyewe," na ndiye aliyeikuta ile karatasi, hapana, usiifikirie hiyo karatasi, fikiria chaki, fikiria tumbo la yule bwana... karatasi, wiki tatu zilizopita, kwenye shati la kufua, mkewe alisimama mlangoni na povu hadi viwiko akasema, "Shati lako linazungumza. Linasema Mheshimiwa Spika," na Klachi akahisi masikio yanapata moto kama mwanafunzi aliyekutwa na barua ya mapenzi, aliiandika garini, mwanafunzi wa saa tatu alikuwa anafanya mazoezi ya kuegesha kati ya mapipa mawili, mama wa watu aliyagonga mapipa yote na Klachi hakusikia, alikuwa amefika kwenye "Mheshimiwa Spika, mimi ni mtoto wa barabara", na akaona ni sentensi nzuri, akaisoma mara ya pili, na mkewe akamuuliza, "Dada ameiona?" "Hajaiona," "Basi," akasema, akarudi kwenye beseni, na hiyo "basi" imekaa kifuani tangu siku hiyo kama mfupa wa samaki...

Kwa sababu anakitaka. Haya, amelisema, hakuna aliyesikia, askari amelala macho wazi, anakitaka hicho kiti, alianza kukitaka siku ile sokoni mkunga alipopoteza sauti na kipaza sauti kikawekwa mkononi mwa dereva, akaanza na utani, akawaambia amepita nchi tisa na katika zote hakuna shimo la barabarani linaloweza kusimama mbele ya la kwetu, letu lina ukoo, lina wajukuu, watu wakacheka hadi wauza nguo wakaketi juu ya mali zao, halafu akasema jambo moja la kweli, hata halikumbuki, na soko likanyamaza, watu mia tatu wamenyamaza kwa ajili yake, yeye ambaye kwa miaka kumi na minane husikilizwa na mtu mmoja tu kwa wakati, tena anayetetemeka, na ukimya ule ulikuwa mtamu, ulimpanda kichwani kama jua la saa saba, na kutoka hapo kila asubuhi akinyoa alikuwa anamnyoa mheshimiwa, jengo la bunge analijua, aliwahi kuegesha lori mbele yake enzi hizo ili asome ramani, walinzi wakamkimbiza kama mbuzi aliyeingia bustanini, hebu waone sasa, hebu wamfungulie geti... huku nyumbani akiendelea kumwita shemeji, shemeji, kumfungulia mlango wa gari, kumwendesha vijiji vyote, akijua mfukoni ana Mheshimiwa Spika, ndiyo maana tangu asubuhi anaomba washindwe, tusije tukashinda nikajijua, tukishindwa mimi nabaki mtu aliyeahidi vizuri, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu, unatafuta breki ya mwalimu, hakuna breki, ni saruji tu...

"Shemeji," mkunga ananong'ona, "nikuulize kitu."

Sasa imekuja, imekuja mbele za watu, atauliza, je, barua ya kujiondoa umeiandika, na nitamjibu nini, nitafanya utani, utani gani, miaka yote ya utani na leo ghala tupu... "Uliza."

"Kutoka machimboni hadi hospitali ulisema dakika ngapi?"

"Eh?"

"Dakika. Mstari wa machimbo sikuujaza, ulikuwa unageuza gari."

"Arobaini na saba," anasema, "mvua ikinyesha usiulize," na mkunga anaandika arobaini na saba, pembeni anaandika mvua, anapuliza wino kama anavyopuliza uji wa wajukuu, na Klachi kwa mara ya kwanza anaangalia ndani ya daftari lile, alilibeba kwenye gari wiki sita na hakuwahi kulifungua, kurasa nzima mistari kwa mistari, mahali, idadi ya kina mama, mwezi gani walijifungulia njiani, na mwisho wa kila mstari dakika, thelathini na tatu, sitini, hamsini na tano, saa mbili na robo, zote ni zake, yeye ndiye aliyezitamka, kila waliposimama mkunga alikuwa anauliza, "Shemeji, kutoka hapa dakika ngapi?" na yeye alikuwa anajibu bila kufikiri, mtu wa barabara hujua dakika kama kinyozi ajuavyo vichwa, alidhani anaulizwa ili waikadirie safari, wafike chakula hakijapoa... machimboni kwenyewe walikwenda Jumanne, msimamizi wa kazi aliwapa dakika kumi kabla mashine haijawashwa, wakili angemaliza nane kwa salamu, mkunga hakuhutubia, aliwauliza kina mama wanaoponda kokoto nani amezaa mwaka huu, na mmoja mwenye kitambaa cha kujifunika vumbi akanyoosha nyundo kuelekea barabarani, "Mimi pale konani, gari lilikwama, tulikwenda wawili, tukarudi mmoja," akasema hivyo akaendelea kuponda, na mkunga akaenda kuchuchumaa karibu naye, akachukua jiwe naye akaliponda, dakika zote zilizobaki, bila neno, na Klachi alikuwa wapi, Klachi alikuwa amesimama kando ya gari anatafuta neno linaloendana na "barabara" kwa ajili ya Mheshimiwa Spika...

"Nimeandika kwa herufi kubwa," mkunga anasema bila kuinua kichwa, sauti ileile ya wodini, anayoitumia kumwambia mtu ukweli bila kumshtua, "macho yako siku hizi si ya kusoma maandishi madogo. Ukienda wewe, utaondoka nalo. Usilipoteze tu, maana nakujua."

"Nikienda mimi?"

"Kura ni za orodha, shemeji. Wewe ndiye namba mbili. Mdogo wangu aliniambia kuhusu shati."

Aliniambia kuhusu shati. Wiki tatu. Wiki tatu mama huyu anajua, na kwa wiki tatu amepanda gari lake kila asubuhi, amesema habari za kuamka, amemgawia biskuti, amempigia debe mwizi wake vijiji kumi na vinne, na usiku, kwa mwanga wa sijui nini, amekuwa akiandika upya dakika zote hizi kwa herufi kubwa ili mwizi aweze kusoma... Klachi anataka kucheka, anataka kuingia chini ya dawati, dawati haliruhusu, nchi tisa, mipaka yote ile, maofisa wa forodha wenye tochi walimpekua hadi soksi na hakuna aliyewahi kumkuta na kitu, amekuja kukutwa na shemeji yake darasa la tano, na cha ajabu haumii, kuna kitu kifuani kinalegea, ule mfupa wa samaki umeshuka wenyewe, anajaribu kukumbuka namba hata moja iliyomo kwenye hotuba yake, hamna, ana Mheshimiwa Spika mara kumi na moja, ana mtoto wa barabara, ana jua linalochomoza, alilichomoza mara mbili, bunge zima lingelala kabla jua halijatua, na anajiona pale mbele na daftari la mtu, anasoma dakika arobaini na saba, halafu mheshimiwa mmoja anasimama kumuuliza, huyo mama alitokwa na damu kwa muda gani, kilikosekana nini, na yeye anajibu nini, anajibu kwamba gari lilikwama gia ya pili? Dakika ni zake, hilo hakuna atakayemnyang'anya, kila dakika humu imetoka kwenye mguu wake wa kulia, lakini kinachotokea ndani ya dakika hizo yeye hakijui, alikuwa anatazama barabara siku zote, mwenye kukijua ni huyu aliyekaa kiti cha nyuma... na soko lile, ukimya ule, sasa anakumbuka ile sentensi ya kweli aliyosema, alisema, "Shemeji yangu hana sauti leo, lakini muulizeni lolote, atawaandikia," ndipo watu waliponyamaza, kumbe, kumbe hawakuwa wananyamaza kwa ajili yako, mjinga mzima, walikuwa wanageuka kumtazama yeye.

"Maji yatakuwa yamekatika huko," wakala wa Kengele anasema kwa sauti, darasa linacheka, msimamizi wa uchaguzi hacheki, anapandisha miwani, viganja haviondoki juu ya bahasha, wakili anaitafuta tai yake mahali ilipokuwa zamani, ubaoni mia mbili sabini na mbili na mia mbili arobaini na tisa zinatazamana palepale, hakuna kilichosogea, mlango wa mwisho wa korido umefungwa, na Klachi anaanza kuhesabu, si kama alivyokuwa anahesabu asubuhi, akitafuta njia ya kutoka, anahesabu kama fukara, mia mbili kumi na nne, tuseme Kengele wapate themanini, sisi tupate mia na kumi, zile zilizobaki za Ngazi au zilizoharibika, themanini kwa tatu ishirini na sita na kitu, mia na kumi kwa mbili hamsini na tano, tunapanda zaidi yao ishirini na nane, ishirini na nane inaimeza ishirini na tatu, inatosha, jamani inatosha, kina mama wa kokoto peke yao ni zaidi ya sitini, wanaweza, toka huko msalani wewe bwana, toka, tumbo gani hilo lisilo na huruma, nchi inakungoja...

"Shemeji," anasema.

"Nini tena?"

"Hizo herufi kubwa umejitesa bure. Andika unavyoandikaga. Mimi sitakuwemo ndani."

Mkunga anamtazama kama anavyowatazama waume wanaosema hawaogopi, wataingia chumba cha kuzalia. "Utakuwa wapi?"

"Nje ya geti. Wale walinzi wananijua, walishanikimbiza. Nitaegesha pembeni, nitakungoja garini."

"Na Mheshimiwa Spika?"

"Ina majua mawili, shemeji. Hata mimi imenichosha."

Anacheka, safari hii si puani, anacheka hadi askari anaamka na kushika kofia yake, halafu anafunga daftari, anaweka mikono juu, na anasema kwa sauti ya chini, "Kwanza tushinde," na Klachi, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiomba washindwe, anainama mbele kwenye kidawati chake, magoti kidevuni, anaikazia macho bahasha ya kahawia ambayo bado haijafunguliwa na anaitaka ijae miavuli, anaitaka vibaya mno, roho juu juu, mtu mzima anayeomba ashinde upesi ili awahi kujiuzulu...